Waya Uliopita Kwenye Swichi

Lindi, 9 Februari 2002

Mjomba Gregori,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Mimi mpwa wako sijambo, ila joto la huku mwaka huu linamtoa mtu ndani ya shati. Natumaini wewe u mzima na karakana inaendelea, na kile kikohozi kimekuachia. Nimesikia mbuzi wa mama mdogo Dativa amezaa mapacha. Nilicheka peke yangu, maana najua kule kwetu Mitole ameshawapa majina ya watakatifu.

Kazi ya kupima mipaka ya vijiji bado ninayo. Nilikueleza Krismasi jinsi inavyokwenda: mashine ya GPS inafungwa kwenye usukani wa pikipiki, mimi napita juu ya njia ya mpaka, na yenyewe inasoma setilaiti na kuweka kumbukumbu kila ninapopita. Jioni bosi wetu, Bwana Evaristo, anaiunganisha na kompyuta na mstari unatokea kwenye ramani. Mimi sichori kitu, Mjomba. Matairi yangu ndiyo kalamu.

Shida ni umeme. Betri za tochi zilivuja ndani ya mashine na vile vibati vyake vimeliwa, havishiki tena. Bosi anasema tutafute fundi atakayetoa umeme kwenye pikipiki yenyewe. Nikamwambia ninaye fundi Nangurukuru na hakuna wa kumzidi. Basi wiki ijayo nitapita hapo. Ninachoogopa ni kitu kimoja tu, isije ikanyonya betri ya pikipiki nikalala porini.

Baada ya hapo tunaanza upande wa Kilwa, vijiji mbalimbali.

Mpwa wako,
Ignatius


Nangurukuru, 3 Machi 2002

Mpwa wangu Ignatius,

Marahaba, na milele amina. Kikohozi kimeondoka, kimeniachia mgongo. Karakana ipo. Mama lishe wa jirani anakusalimu na anauliza yule kijana aliyekataa chai yake ana dini gani.

Kweli, ulikuja kama askari. Hukukaa, hukula, ulisimama juu ya kichwa changu mpaka nilipokaza nati ya mwisho. Lakini kazi niliifanya kwa moyo na nakuandikia ujue nilichofanya, siku ikikuharibikia huko usimpe mtu mwingine achokonoe. Waya mwekundu sikuutoa kwenye betri moja kwa moja. Nimeuvuta baada ya swichi ya ufunguo. Maana yake ukiwasha pikipiki mashine inapata umeme, ukizima pikipiki na yenyewe inakufa. Hivyo betri yako haiwezi kunyonywa hata ukiisahau usiku kucha. Yule katekista wetu aliunga redio moja kwa moja kwenye betri ya pikipiki yake, asubuhi ya Jumapili akasukuma mpaka kanisani na suti.

Sasa la nyumbani. Dativa alikuja juzi kuuza ufuta. Ananiambia siku ile uliyotoka kwangu alisikia pikipiki inakuja kutoka juu kwenye makaburi yetu. Ikazima. Kimya. Akajua ni mtu wetu, maana wageni wanapita pale wakinguruma. Wetu ndio wanaoshuka, wakazima, wakaisukuma mpaka waupite ule mkorosho wa mwisho. Akabandika uji haraka. Alipotoka na kikombe, pikipiki ilikuwa imekwisha kuwaka tena inateremka bondeni.

Nikamwambia si Ignatius, Ignatius hawezi kupita kwenye kaburi la mama yake na mlango wa mama yake mdogo asiseme hodi. Nimesema kweli au nimesema uongo? Nijibu.

Mjomba wako,
Gregori


Kambi ya Kitomanga, 28 Machi 2002

Mjomba,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, mvua imeanza na mabasi yanakuja yanapotaka. Tumehamishia kambi hapa Kitomanga. Sote wazima, mpishi wetu tu ndiye mwenye homa, kwa hiyo tunapika kwa zamu na zamu yangu watu wanakula kimya.

Waya wako uko imara, haujalegea hata kidogo. Msalimie sana mama lishe, mwambie dini yangu ni chai ya maziwa, siku ile nilikuwa na haraka tu.

Nilitaka kukuuliza mambo mawili madogo. La kwanza, mama mdogo ana karatasi yoyote ya lile shamba? Hata ya zamani, hata ya wakati wa bibi. Na kama hajapanda mihogo upande wa bondeni, asipande kwanza. Apande huku karibu na nyumba.

La pili, je, ule waya mwekundu ungewezekana kuungwa moja kwa moja kwenye betri bila kupitia swichi? Nauliza tu kwa kujifunza.

Nawaombea Pasaka njema.

Ignatius


Nangurukuru, 11 Aprili 2002

Ignatius,

Marahaba. Pasaka ilikuwa njema kabla barua yako haijafika.

Sikiliza. Mimi ni fundi wa umeme wa pikipiki. Mteja akija akaniambia honi hailii, na papo hapo akaniambia taa ya nyuma inawaka yenyewe, mimi sitafuti makosa mawili. Natafuta waya mmoja uliogusana mahali. Wewe umeniuliza kuhusu shamba na umeniuliza kuhusu waya. Halafu swali langu mimi, la nani alizima pikipiki makaburini, umeliruka kama dimbwi.

Nikupe habari za kwetu. Wiki iliyopita walikuja vijana wawili wa mradi wenu, si wewe, wakapigilia vigingi vyenye rangi nyekundu. Kimoja kiko nyuma ya choo cha Dativa. Nyuma ya choo, Ignatius! Ukisimama hapo ukatazama bondeni, shamba lote la mihogo na ufuta liko ng'ambo ya kigingi. Makaburi yako ng'ambo. Mama yangu, na mama yako Romana, wako ng'ambo. Dativa aliwauliza vijana ng'ambo hiyo ni ya nani. Wakasema ramani inaonyesha si ya Mitole, ni eneo lililobaki kati ya vijiji viwili, limetengwa kwa ajili ya mwekezaji wa mkonge.

Dada yangu hakulia. Alikwenda akamfunga mbuzi kwenye kigingi, yule mkorofi, akasema angalau kifanye kazi. Lakini usiku halali. Anatembea uani, jirani wanamsikia.

Shamba lile bibi yako alilifyeka kwa mikono yake, likaenda kwa binti zake, na baada ya Dativa ni lenu watoto wa Romana. Si langu. Mimi ni mjomba tu, kazi yangu ni kulilinda mpaka likufikie. Ndiyo maana nakuuliza kwa mara ya mwisho, kwa upole ambao unaniishia: pale makaburini, ulizima?

Gregori


Kambi ya Kitomanga, 2 Mei 2002

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako imenikuta jana. Njia ilikatika, mfuko wa barua ukalala kwenye basi lililonasa matopeni. Nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa.

Nilizima.

Kwani ulinilea nisizime? Nilifika kwenye kaburi la kwanza, mkono ukaenda wenyewe kwenye ufunguo kabla sijafikiri. Nikashuka, nikasukuma, nikamsalimu mama moyoni. Mvua ilikuwa imeanza na mashine nilikuwa nimeifunika kwa mfuko wa nailoni, sikuona kioo kimekuwa cheusi. Kumbe ukiikatia umeme inalala, na hata umeme ukirudi haiamki mpaka uibonyeze kwa kidole. Mimi nilidhani inaandika. Nikauzunguka mpaka wetu wote, kona ya bondeni, ukingo wa shamba, mpaka kule chini kwenye kijito ndipo nikafunua mfuko. Ilikuwa imekufa tangu makaburini.

Nikaiwasha, nikaendelea. Nilifikiri bosi ataona pengo atanirudisha. Lakini kompyuta haiachi pengo, Mjomba. Inachukua mahali pa mwisho ilipokuona na mahali pa kwanza ilipokuona tena, inavuta mstari mnyoofu. Njia yetu inapinda kulizunguka shamba. Mstari umekata katikati kama panga. Lile pindo lote limebaki nje.

Utauliza kwa nini sikusema. Sikusema kwa sababu nilipoajiriwa niliulizwa kwetu wapi, nikasema Lindi mjini. Hawamruhusu mtu kupima kijiji chake. Ndiyo maana sikunywa chai kwako, ndiyo maana sikubisha hodi kwa mama mdogo. Niliogopa mtu aniite kwa jina mbele ya wenzangu waliokuwa wanakuja nyuma yangu kwa mbali. Nilisikia harufu ya uji wake. Nilipita nikiwa na aibu na nimebaki nayo.

Nilijaribu kwa mlango wa nyuma. Nilimwambia Bwana Evaristo kwamba pale Mitole mstari haufanani na njia. Akasema, "Mashine haidanganyi, watu ndio wanadanganya. Wewe umepita mara moja tu, unaijuaje njia ya Mitole kuishinda mashine?" Nikatoka nje.

Mwisho wa mwezi huu ramani inapelekwa kwenye mkutano wa vijiji viwili, Mitole na jirani yake. Wakishaikubali, imekwisha. Nimeagizwa niilete pikipiki Nangurukuru kabla ya hapo, na bosi mwenyewe sasa amepanga nyumba ya wageni hapo hapo jirani na karakana yako. Nikianzia kwako ataniuliza nabadilisha waya wa nini. Nataka kuacha barabara kubwa kabla sijafika, nipite Mitole upya, halafu nimpelekee mstari mpya. Lakini lazima waya niubadilishe mwenyewe hapa kambini. Niandikie jinsi ya kufanya. Niandikie kama unavyomwandikia mjinga.

Ignatius


Nangurukuru, 12 Mei 2002

Mpwa wangu,

Salamu baadaye. Nampa barua hii kondakta Abilahi, ameapa kukukabidhi mkononi hata kama atavuka mto kwa miguu.

Toa kiti. Utaona betri upande wa kulia. Fuata waya wangu mwekundu kutoka kwenye mashine, unapita chini ya tangi mpaka kwenye swichi. Ukate pale kwenye swichi, na ile ncha iliyobaki kwenye swichi uizungushie tepu mara nyingi, isiguse chuma, ikigusa umechoma kila kitu. Kisha vuta waya mpaka kwenye nati chanya ya betri. Katikati weka fyuzi, Abilahi anayo kwenye bahasha. Usiache kuweka fyuzi hata kama unaona inakuchelewesha. Waya upite mbali na bomba la moshi, na pale usukani unapopinda uuachie nafasi, la sivyo utakatika ukikata kona. Ukimaliza, chomoa ufunguo uutie mfukoni. Mashine ikiendelea kuwaka bila ufunguo, umekuwa fundi.

Waya ule niliuunga mimi, nikajisifu na kukusimulia habari za katekista. Niliwaza betri, sikuwaza makaburi, na mimi ndiye niliyekufundisha kuzima. Kwa hiyo usinibebee mzigo wote peke yako, nusu ni yangu.

Sasa amri, na hii ni ya mjomba, si ya fundi. Ukifika makaburini usizime. Pita unanguruma. Mvua hizi, waya ulioungwa na mwanafunzi, sitaki kubahatisha. Injini ikiwaka betri inapata chaji, mashine haitayumba. Romana alikuwa dada yangu, namjua, atatusamehe.

Dativa nimemweleza yote. Amenijibu vibaya na sitaki kuandika alichosema. Hiyo tuachie sisi wawili. Wewe fanya nilivyosema.

Mungu akutangulie.

Gregori


Lindi, 27 Mei 2002

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa Lindi, kwa sababu zitakazoonekana mbele.

Abilahi alinikabidhi barua na fyuzi. Waya niliubadilisha wenzangu walipokwenda kuoga. Tepu ikanishika vidole. Nilipotoa ufunguo mashine ikabaki inawaka, nikataka kupiga kelele na hakukuwa na wa kumwambia.

Kwenye mto vijana waliibeba pikipiki mabegani, mimi nyuma yao nimeinua mashine juu ya kichwa. Nikaacha barabara kubwa, nikakamata njia za mashambani, na mchana nikatokea juu ya makaburi. Nikasema moyoni, mama nisamehe, napita.

Mama mdogo alikuwa amesimama katikati ya njia na jembe.

Nilifunga breki nusura nianguke. Injini inanguruma, yeye hasogei. Akasema, "Zima."

Nikamwambia, "Shikamoo mama. Mjomba amekataza. Mashine ikikatika tena shamba limekwenda."

Hata hakuitikia shikamoo. Akasema, "Mjomba wako anasema akiwa Nangurukuru. Shamba nalitaka, mwanangu, nalitaka kuliko wewe. Lakini nalitaka kwa sababu wao wamelala hapa. Ukipita juu yao unanguruma kama mtu wa mkonge, unanirudishia nini? Zima."

Mjomba, nilikuogopa wewe na nilimwogopa yeye. Nilitazama ule waya niliouunga kwa mikono yangu na sikuuamini hata kidogo. Lakini nilimwona mama mdogo amekonda, khanga imemzunguka mara mbili, na nikakumbuka ule uji. Nikazungusha ufunguo.

Kimya. Sote wawili tukainama kwenye kioo. Kilikuwa kinawaka.

Aliweka jembe begani, akashika kiti kwa nyuma, tukaisukuma. Mvua ilipoanza alivua khanga ya juu akaifunika mashine, kila hatua anachungulia chini yake ananiambia, "Bado iko hai. Bado." Hakuniacha kwenye mkorosho wa mwisho, alisukuma mpaka kona ya bondeni, na huko ndiko alikonijibu marahaba.

Nilizunguka pindo lote, nikashuka kijitoni, nikatoka. Nikaenda moja kwa moja kwa Bwana Evaristo nyumba ya wageni. Karakana yako ilikuwa imefungwa, wakasema umekwenda Masoko kununua vipuri. Nikaweka mashine mezani, nikamwambia, "Huu ndio mpaka wa Mitole. Ule wa kwanza mashine ilikuwa imezimika, nilizima mimi. Na nilidanganya, kwetu si Lindi mjini. Mama yangu amezikwa pale."

Hakufoka. Heri angefoka. Aliniomba funguo za pikipiki, nikampa. Nikamuuliza, "Na mstari?" Akasema, "Mstari wa mtu aliyedanganya nitaufanyia nini?" Ndipo nikapanda lori la chumvi kuja kuchukua vitu vyangu.

Kwa hiyo sijui. Kazi imekwenda, hilo najua. Shamba sijui. Mkutano ni Ijumaa na mimi siwezi kuwepo. Nimekuvunjia amri na huenda nimeharibu yote mawili. Niandikie hata kama ni mabaya.

Ignatius


Nangurukuru, 4 Juni 2002

Mpwa wangu mpendwa,

Marahaba. Nilikwenda Mitole Alhamisi, nikalala kwa Dativa. Hatukusemeshana mpaka asubuhi ya mkutano, ndipo akanipa uji. Wewe unajua kwa Dativa hiyo ni hotuba.

Uwanja ulijaa, wetu upande huu na wenzetu wa kijiji cha pili upande ule. Bwana Evaristo alikuja na ramani, akaitandika juu ya meza ya shule. Nilisukumana na watu mpaka mbele. Ilikuwa na mistari miwili, Ignatius. Mmoja mnyoofu wa bluu, mmoja umepinda, wa wino mwekundu.

Akasema, "Mstari huu mnyoofu mashine ilizimika. Huu uliopinda ulipitwa na mtu wa hapa hapa, aliyenificha kuwa ni wa hapa. Kwa hiyo mimi siuamini wala siukatai. Nawauliza ninyi wa upande wa pili, ambao hamna faida kwenye hili: mpaka wenu na Mitole unapita wapi?"

Nikajua tumekwisha, nakwambia kweli. Wale watu hatudaiani wema nao. Alisimama mzee Sipriani, unamjua, aliyegombana na bibi yako miaka yote kwa ajili ya nguruwe. Akaikazia macho ramani kana kwamba imemtukana. Akasema, "Sisi kwetu mpaka unaanza pale watu wa Mitole wanapozima pikipiki. Wakitoka kwetu wananguruma, wakifika makaburini mwao wanazima, wanasukuma mpaka kwenye mkorosho. Hata baiskeli wanashuka. Sasa anayesema makaburi yale si yao, aniambie wanazima kwa heshima ya nani?"

Watu wakacheka, wetu na wao. Evaristo hakucheka, lakini alichukua kalamu akaufuta ule mnyoofu. Wenyeviti wote wawili wakatia saini kwenye uliopinda.

Dativa alikwenda akaking'oa kigingi cha nyuma ya choo mwenyewe. Mbuzi anazurura, amekwisha kula nusu ya bustani ya katekista.

Nilimfuata Bwana Evaristo kwenye gari nikamwombea kazi yako. Alikataa. Anasema wewe ni dereva mzuri na hawezi kumrudisha mtu aliyemdanganya, na mimi katika hilo sina la kumlaumu. Najua inauma. Mimi pia imeniuma, maana nilikuwa najisifu kwa wateja kuwa mpwa wangu anaendesha mashine ya setilaiti.

Niliangalia waya wako kabla hawajaondoka na pikipiki. Tepu umezungusha kama mtu anayefunga kidonda, inachekesha, lakini fyuzi umeiweka pahali pake na kwenye usukani umeacha nafasi. Benchi la pili hapa karakana liko tupu tangu zamani. Nimelifuta vumbi.

Amri yangu uliivunja. Niliandika nikiwa na hofu, na ningekutana na Romana nikiwa sina la kumwambia. Umeniokoa na hilo, nakushukuru.

Nimekuachia pikipiki yangu kwa fundi baiskeli hapo stendi ya Nangurukuru, ichukue uende nayo Mitole. Dativa anakungoja Jumapili na mwaka huu mihogo anapanda bondeni. Ukifika makaburini, zima. Atakusikia.

Mjomba wako,
Gregori